Mtenda Aliyefichwa: Taarifa ya Habari Masikioni mwa Msikilizaji wa Songea

Utangulizi

Inapokaribia saa mbili usiku, katika nyumba moja ya mtaa wa Mfaranyaki mjini Songea, redio huwekwa katikati ya meza na watoto hutakiwa wanyamaze. Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu aliyefundisha Kiswahili katika shule za msingi za Mkoa wa Ruvuma kwa zaidi ya miaka thelathini. Majirani humwita Mwalimu. Mjukuu wake, anayesomea shahada ya uzamili katika isimu, humwita Babu. Kando ya redio daima huwapo daftari na kalamu. Katika daftari hilo Mwalimu haandiki habari zenyewe. Huandika vitenzi.

Mazoea hayo yaliwashangaza majirani hapo mwanzo, lakini sasa wameyazoea. Kwa maoni yake, anayetaka kujua kama chombo cha habari kinaegemea upande hana budi kuanza na sarufi kabla ya kwenda kwenye siasa. Nani ametajwa kuwa mtenda? Nani amefanywa mtendwa? Ni nani aliyetenda jambo kisha akafutwa katika sentensi, hata jambo likaonekana kana kwamba limejitenda lenyewe?

Suala la upendeleo katika utangazaji unaogharimiwa na umma limejadiliwa mara nyingi nchini Tanzania, hasa tangu kurejeshwa kwa mfumo wa vyama vingi mwaka 1992. Kwa kawaida mjadala huo huendeshwa kwa kuhesabu: chama tawala kimepewa dakika ngapi, vyama vya upinzani vimepewa dakika ngapi. Hesabu ya namna hiyo ina manufaa yake na haipaswi kudharauliwa. Hata hivyo, dakika haziwezi kupima kila kitu. Mtu aweza kupewa dakika kumi na kila sentensi inayomhusu ikamdhoofisha. Mwingine aweza kutotajwa kabisa, na huko kutotajwa kukawa ndiyo hisani kubwa aliyofanyiwa. Insha hii yaufuata usikilizaji wa mzee mmoja wa Songea ili kuonesha kuwa kutopendelea si ukimya wala upole wa maneno. Ni uaminifu katika kumtaja mtenda.

Kimilikishi -etu

Redio ambayo Mwalimu alikua nayo ilikuwa moja. Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, chini ya serikali ya kikoloni. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Na mwaka 1965 shirika hilo likavunjwa, shughuli zake zikawekwa chini ya wizara, nayo ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa mtu wa Songea, anayeishi zaidi ya kilometa 900 kutoka makao makuu ya redio hiyo, sauti ya saa mbili usiku ilikuwa ndiyo serikali yenyewe. Gazeti lilifika likiwa limechelewa. Kiongozi wa kitaifa alifika kwa nadra. Redio ilifika kila siku.

Mwishoni mwa mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, Mwalimu alikuwa kijana aliyeajiriwa miaka michache iliyopita. Yeye hukumbuka vizuri maneno mawili ya wakati ule. La kwanza ni nduli, neno lililomganda Amin hata likawa kama jina lake. La pili ni neno dogo zaidi, ambalo watu wengi hawakulitambua: kimilikishi -etu. Vijana waliokwenda mstari wa mbele walikuwa vijana wetu. Majeshi yalikuwa majeshi yetu. Mwalimu hakuona kosa lolote katika maneno hayo, wala haoni leo. Nchi ilikuwa imevamiwa. Katika -etu ile alikuwamo yeye, walikuwamo wazazi wake, na walikuwamo wanafunzi aliowafundisha kuliandika neno nduli ubaoni bila kukosea.

Itafaa hapa kukumbuka kuwa miaka michache baadaye suala hilohilo lilizusha ugomvi katika nchi inayosifiwa kwa mapokeo ya utangazaji usioegemea upande. Wakati wa vita vya visiwa vya Falkland mwaka 1982, BBC ilipendelea kusema majeshi ya Uingereza badala ya majeshi yetu, na ikashutumiwa vikali na serikali ya Margaret Thatcher pamoja na wabunge wa chama chake. Waliolalamika hawakudai kuwa BBC imesema uongo. Walilalamikia kimilikishi kilichokosekana.

Tofauti ya Tanzania ni kwamba -etu haikurudi nyumbani baada ya vita kwisha. Chama kilikuwa kimoja, nacho kwa mujibu wa Katiba kilishika hatamu za uongozi wa nchi. Kwa hiyo chama chetu, serikali yetu na nchi yetu yalikuwa maneno matatu yenye rejeo moja. Mtangazaji aliyeyatumia hakuhitaji kuwa mtu mwenye hila. Alikuwa anasema kama sarufi ya siasa ya wakati wake ilivyomtaka aseme.

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ili ikusanye maoni kuhusu mfumo wa vyama. Takribani asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo tume ilipendekeza vyama vingi, kwa kuona kuwa wale wachache waliotaka mabadiliko nao walistahili kusikilizwa. Mwalimu alikuwa miongoni mwa wale wengi, na hakupendezwa. Lakini humwambia mjukuu wake kuwa siku alipoelewa hoja ile ndipo alipoanza kuisikiliza redio kwa sikio jingine. Ikiwa tume ya serikali iliweza kuona kuwa mtu mmoja kati ya watano asimezwe na wanne, je, redio inayolipiwa na wote watano nayo haina wajibu huohuo?

Swali hilo si la nadharia tupu. Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, lililoanzishwa kwa amri ya mwaka 2007 kuchukua nafasi ya Taasisi ya Utangazaji Tanzania, hupata ruzuku ya serikali pamoja na mapato ya matangazo ya biashara. Ruzuku ni kodi. Tangu Kodi ya Ongezeko la Thamani ilipoanza kutozwa mwaka 1998, mkulima wa Songea anayenunua betri za redio dukani amekwisha kuchangia gharama za redio yenyewe kabla hata hajaiwasha. Duka halimuulizi ana kadi ya chama gani. Basi -etu ya redio hiyo haina budi kuwa pana kama daftari la walipa kodi.

Kauli ya kutendeka

Kiswahili kimejaaliwa kauli mbili ambazo mgeni huzichanganya, lakini mtoto wa darasa la nne huzitofautisha. Kikombe kimevunjwa: yupo aliyekivunja, hata kama hatajwi. Kikombe kimevunjika: kikombe kipo chini, vipande vyake vyaonekana, na suala la nani halimo kabisa katika sentensi. Kauli ya kutendwa humficha mtenda nyuma ya mlango. Kauli ya kutendeka humtoa nje ya nyumba. Mama anayemuuliza mwanawe kuhusu kikombe hujua tofauti hiyo bila kufundishwa na mwanaisimu yeyote.

Hoja ya Mwalimu ni kuwa sehemu kubwa ya kile kinachoitwa lugha isiyoegemea upande katika taarifa za habari ni kauli ya kutendeka, pamoja na vitenzi vinavyofanana nayo kimaana, kama kufariki, kupotea, kushuka na kuumia. Lugha hiyo husikika kuwa tulivu. Haimshutumu mtu, haina hasira, na yaelekea kuwa ya haki kwa kuwa haimgusi yeyote. Lakini kutomgusa yeyote si sawa na kuwatendea wote haki.

Mfano wa kwanza unatokana na mahindi. Mwaka 2017 serikali ilipiga marufuku kuuza mahindi nje ya nchi kabla ya kuyasaga, na katika mikoa inayoyazalisha kwa wingi, Ruvuma ukiwemo, wakulima walilia na bei. Namna ya kulieleza jambo hilo si moja. Yaweza kusemwa, “Bei ya mahindi imeshuka.” Yaweza kusemwa, “Marufuku imeshusha bei ya mahindi.” Yaweza pia kusemwa, “Mavuno mengi na marufuku vimeshusha bei ya mahindi.” Sentensi ya kwanza ni ya kweli, na hakuna awezaye kuikanusha, lakini inaifanya bei kuwa kama mvua, kitu kinachoshuka chenyewe. Sentensi ya pili ina mtenda, lakini yaweza kuwa na upendeleo wake, kwa kuwa inamtaja mmoja na kumwacha mwingine. Ya tatu ndiyo inayokaribia haki. Kama ionekanavyo, sentensi iliyo karibu zaidi na haki ndiyo iliyotaja watenda wengi zaidi, na ile iliyotulia kuliko zote ndiyo iliyosema machache kuliko zote.

Mfano wa pili unatokana na kampeni za uchaguzi mkuu wa mwaka 2020. Mwezi Agosti mwaka huo, katika uzinduzi wa kampeni za CHADEMA uliofanyika Mbagala, Dar es Salaam, mwenyekiti wa chama hicho, Freeman Mbowe, aliwaamuru wafanyakazi wa TBC waondoke uwanjani, akilituhumu shirika kwa kukatiza matangazo ya moja kwa moja ya mkutano. Waliomuunga mkono waliona kuwa ametetea haki. Waliompinga waliona kuwa amewadhalilisha wafanyakazi waliokuwa kazini. Mwalimu aliandika daftarini maneno mawili tu: yamekatika, yamekatwa. Ugomvi wote ulikuwa ndani ya viambishi hivyo. Aliyeamini kuwa mtambo uliharibika alisema yamekatika. Aliyeamini kuwa upo mkono uliobonyeza kitufe alisema yamekatwa. Na msikilizaji wa Songea, asiyekuwa na njia ya kuuona mtambo wala mkono, alichagua kiambishi kwa kufuata kumbukumbu yake ya miaka iliyopita. Hapa ndipo ilipo hasara kubwa ya chombo kinachodhaniwa kupendelea: hata siku ambayo mtambo umeharibika kweli, hakuna atakayeamini.

Kumbukumbu hiyo ilikuwa imejengwa na mambo kadhaa. Mwezi Januari 2016 waziri mwenye dhamana ya habari alitangaza bungeni kuwa TBC haitaendelea kurusha moja kwa moja mijadala yote ya Bunge, kwa sababu ya gharama iliyotajwa kuwa shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Badala yake ingetangazwa usiku sehemu iliyochaguliwa. Gharama ni hoja ya kweli, na shirika lenye mapato madogo haliwezi kuipuuza. Lakini mkulima ambaye alikuwa akimsikia mbunge wake akiuliza swali na waziri akijibu, sasa angesikia kile ambacho mtu mwingine ameona kuwa kinatosha. Mwezi Machi 2017, TBC ilitangaza kuwa Rais Donald Trump wa Marekani amemsifu Rais John Magufuli. Habari hiyo haikuwa ya kweli, na wafanyakazi tisa walisimamishwa kazi. Kosa la namna hii laweza kutokea katika chumba chochote cha habari. Linalofaa kuangaliwa ni upande ambao kosa lilielekea. Habari inayomkera mkubwa huhakikiwa mara tatu. Habari inayompendeza hupita mlangoni bila kuulizwa jina. Haihitajiki amri kutoka juu ili jambo hilo litokee. Yatosha kuwa Mkurugenzi Mkuu wa shirika huteuliwa na Rais, na kwamba kila mtu chini yake anajua hivyo.

Songea, Februari

Mfano wa tatu ni mzito kuliko yote, nao ulitokea mjini Songea kwenyewe. Mwezi Februari 2012 wakazi wa mji huo, wakiwa wamechoshwa na mfululizo wa mauaji ya raia ambayo wengi waliyahusisha na imani za kishirikina, waliandamana kuitaka serikali iwalinde. Polisi walifyatua risasi, na watu wasiopungua wawili waliuawa. Mbunge wa Songea Mjini wakati huo alikuwa pia ndiye waziri mwenye dhamana ya habari. Hapana sababu ya kumshuku mtu kwa jambo hilo, na insha hii haimshuku. Lakini linaonesha jinsi ambavyo mji mmoja waweza kukutana na utangazaji wa umma kwa njia mbili kwa wakati mmoja, kama habari na kama mamlaka.

Jioni ile majirani walijaa nyumbani kwa Mwalimu. Hawakuja kupata habari, kwa maana habari walikuwa nayo. Baadhi yao waliisikia milio kwa masikio yao. Walikuja kusikia namna watakavyosemwa. Mwalimu alizungusha kitufe kutoka kituo hadi kituo, cha ndani na cha nje, kisha akaandika ukurasa mzima. Ukurasa huo haukuwa nukuu ya kituo chochote. Yeye mwenyewe alitunga sentensi nne kama zoezi la darasani, akazipanga kuanzia ile inayomficha mtenda hadi ile inayomtaja:

Watu wawili wamefariki katika vurugu.
Watu wawili wamekufa kwa risasi.
Watu wawili wameuawa kwa risasi.
Polisi wamewaua watu wawili kwa risasi.

Sentensi zote nne ni za kweli. Mtu akiambiwa achague iliyo ya uongo, hataipata. Na bado mtu aliyesikia ya kwanza tu angeweza kudhani kuwa vurugu zenyewe ndizo zilizoua, au kwamba waandamanaji walikanyagana. Mjukuu alipouona ukurasa huo miaka mingi baadaye, alitoa hoja ambayo Mwalimu aliikubali. Alisema kuwa saa chache za kwanza, mwandishi ambaye bado hajathibitisha nani alifyatua risasi hana haki ya kuandika sentensi ya nne. Sentensi ya pili ndiyo haki yake, kwa kuwa inasema anachokijua na kukomea hapo. Upendeleo hauanzi siku ya kwanza. Huanza siku ambayo mtenda amejulikana na sentensi haikubadilika.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa Songea hawezi kulikwepa. Kila mwaka, tarehe 27 Februari, mji huo huwakumbuka mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa na serikali ya kikoloni ya Kijerumani mwaka 1906. Mji wenyewe una jina la mmoja wa viongozi wa Wangoni waliouawa katika vita hivyo, Nduna Songea Mbano. Yapo makumbusho, lipo kaburi la halaiki, zipo sanamu. Na katika hotuba zote zinazotolewa hapo, hakuna asemaye kuwa wazee wale walifariki katika vurugu za mwaka 1906. Husemwa kuwa walinyongwa, na mnyongaji hutajwa kwa jina la dola yake. Taifa linajua vizuri namna ya kutunga sentensi yenye mtenda. Linaijua pale mtenda anapokuwa mgeni aliyekwisha kuondoka.

Mwalimu husikiliza pia idhaa za Kiswahili za nje, ikiwa ni pamoja na Deutsche Welle, ambayo hugharimiwa na kodi za wananchi wa Ujerumani. Hushangaa kidogo kuwa wajukuu wa wanyongaji nao humletea habari kila siku, na kwamba habari hizo huzitaja dhambi za serikali yao wenyewe. BBC nayo ilipewa fedha za idhaa zake za nje na serikali ya Uingereza hadi mwaka 2014, mzigo ulipohamishiwa kwenye ada ya leseni inayolipwa na wananchi. Kwa hiyo fedha za umma peke yake si sababu ya upendeleo. Idhaa hizo nazo hazikosi lawama zake; msikilizaji makini huona zinavyochagua vita vya kutangaza na njaa za kunyamazia. Lakini zinathibitisha kuwa anayelipa si lazima awe mtenda asiyetajika.

Daftari la shule

Ingekuwa rahisi kuimalizia insha hapa, Mwalimu akiwa hakimu na redio ikiwa mshitakiwa. Mjukuu wake hakumruhusu. Katika likizo moja alipokuwa akipanga makaratasi ya zamani, alikuta daftari la matukio la shule ambayo babu yake aliiongoza katika miaka ya 1980. Alilisoma kama mwanafunzi wa isimu anavyosoma matini yoyote, kalamu mkononi. Fedha za madawati zilikuwa zimepotea. Dirisha la stoo lilikuwa limevunjika. Na chini ya tarehe fulani palikuwa na sentensi fupi: “Mwanafunzi wa darasa la tano ameumia mkono.”

“Babu,” aliuliza, “huyu mwanafunzi aliumiaje?”

Mwalimu alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema kuwa mwanafunzi hakuumia, aliumizwa. Mwalimu mwenzake alimpiga kwa fimbo nene hadi mkono ukavunjika. Mkuu wa shule alijua, walimu wote walijua. Aliandika ameumia kwa sababu mwenzake alikuwa na watoto wadogo, kwa sababu mkaguzi alikuwa anakuja, na kwa sababu sentensi ile haikuwa uongo. Wazazi walipofika kuuliza, walisomewa daftari. Walielezwa kuwa mtoto alianguka akicheza.

“Hakuna aliyenipigia simu kutoka Dar es Salaam kuniambia niandike vile,” alisema. “Hata simu yenyewe hatukuwa nayo.”

Maneno hayo ndiyo kiini cha suala zima. Wanaoutetea utangazaji wa umma husema kuwa hakuna amri inayotolewa, nao mara nyingi husema kweli. Wanaoushutumu husema kuwa mtenda hufichwa, nao pia husema kweli. Kauli hizo mbili hazipingani. Mtenda hufichwa na watu waungwana, wasio na nia mbaya, wanaomhurumia mwenzao na kumhofu mkubwa wao. Nao hujiona kuwa hawajaegemea upande wowote kwa sababu hawajasema neno lolote kali.

Mwanafunzi yule sasa ni mtu mzima mwenye familia, fundi seremala, tena ni mmoja wa majirani wanaofika kusikiliza taarifa ya habari. Siku chache baada ya mazungumzo yale, kabla redio haijawashwa, Mwalimu alimwomba akae, akamsomea sentensi ya zamani, kisha akamsomea nyingine aliyoiandika chini yake kwa wino mpya: mwalimu alimpiga mwanafunzi hadi akamvunja mkono, na mkuu wa shule alijua na hakuandika.

Fundi alisikiliza hadi mwisho. Hakuonesha hasira. Alisema, “Mkono ulipona, Mwalimu. Lakini mama yangu aliniuliza mara tatu kama nilianguka. Nilimwambia nimepigwa. Akasema daftari la shule haliwezi kusema uongo. Amekufa akiamini mimi ndiye niliyekuwa mwongo.”

Usiku ule redio ilichelewa kuwashwa.

Hitimisho

Yaliyoelezwa hapo juu yanaonesha kuwa hasara ya upendeleo haiko kwa chama kinachokosa dakika peke yake. Iko kwa mtu wa kawaida ambaye ameona jambo kwa macho yake, kisha akasikia sauti inayoaminiwa na wote ikilieleza bila mtenda. Mtu huyo hubaki na njia mbili: aiite sauti hiyo ya uongo, au akubali kuitwa mwongo yeye. Kwa kuwa sauti hiyo ameilipia kwa kodi yake, amelipia pia kukanushwa kwake.

Kutokana na usikilizaji wa mzee huyu, yanaweza kupendekezwa mambo matatu ambayo chumba chochote cha habari cha umma chaweza kuyatumia bila kungoja sheria mpya. Kwanza, mtenda anapojulikana na atajwe, awe polisi au mwandamanaji, waziri au mpinzani. Na asipojulikana, isemwe wazi kuwa hajajulikana, badala ya kuiachia kauli ya kutendeka kazi ya kumfuta. Pili, kitenzi kimoja kitumike kwa watu wote. Ikiwa kiongozi wa serikali amebainisha na kiongozi wa upinzani amedai, hali wote wawili hawajathibitisha walichosema, hukumu imekwisha kutolewa kabla msikilizaji hajaisikia hoja. Kitenzi kusema kinatosha kwa wote wawili. Tatu, kimilikishi -etu kitumike pale tu ambapo kila mlipa kodi aweza kujiona ndani yake. Sheria ya uchaguzi iliyotumika kwa miaka mingi hadi 2024 iliwapa wagombea wa urais haki ya kutumia redio na televisheni ya taifa wakati wa kampeni. Lakini wiki za kampeni ni chache, na sentensi hutungwa mwaka mzima.

Katika nyumba ya Mfaranyaki daftari la vitenzi bado liko mezani. Limebadilika kidogo. Zamani kila ukurasa ulikuwa na safu moja, ya redio. Sasa Mwalimu amepiga mstari katikati, na safu ya pili ina maneno yake mwenyewe: barua alizomwandikia mtendaji wa kata, maelezo aliyoyatoa kwenye kikao cha mtaa, hata alivyoeleza mezani nani alimaliza sukari. Fundi seremala bado huja, na huketi mahali pake palepale. Saa mbili ikifika, Mwalimu huwasha redio, huchukua kalamu, na wote husikiliza.